Machungwa ya Marikiti na Afya ya Msafiri

Kabla jua halijapanda juu ya paa za Mji wa Kale, mikokoteni huwa imekwisha kupanga safu mbele ya Marikiti ya Mombasa. Hamali hushusha magunia ya nazi na matenga ya nyanya, wakipiga kelele za kutaka njia, na paka wa mjini, ambao hawana haya hata kidogo, hungojea karibu na meza za nyama. Jengo lenyewe lilisimamishwa mwaka 1914, likapewa jina la Mackinnon. Wenyeji hawakujisumbua na jina refu namna hiyo. Walilichukua neno la Kiingereza lenye maana ya soko, wakalilainisha kwa ulimi wa pwani, nalo ndilo lililobaki mpaka leo.

Mgeni atokaye bara, akiingia hapa kwa mara ya kwanza, huijua Marikiti kwa pua kabla ya macho. Iliki, karafuu, mdalasini, bizari nyembamba, pilipili manga na tangawizi kavu zimerundikwa vilima vilima katika sinia na katika magunia yaliyokunjwa midomo. Na mwenye duka, asipokuwa na mnunuzi, humwita kila apitaye na kumwonjesha ubuyu mwekundu. Lakini habari ya leo si viungo. Ni machungwa, malimau na ndimu, yaliyopangwa mafungu mafungu kando ya njia, ambayo watu huyapita bila kuyatazama mara ya pili. Matunda hayo yana kisa cha kale katika mji huu, na kisa chenyewe chahusu afya ya watu waliosafiri mbali na kwao.

Tarehe 7 Aprili, 1498, merikebu tatu za Wareno, chini ya mkubwa wao Vasco da Gama, zilitia nanga nje ya bandari ya Mombasa. Zilikuwa zimetoka Lisbon mwezi wa Julai wa mwaka uliotangulia, na tangu zilipofika mto wa Quelimane katika nchi ya Msumbiji mabaharia wengi walikuwa wakiugua ugonjwa wa kutisha: mikono na miguu ilivimba, na ufizi ukaota juu ya meno hata mtu asiweze kutafuna. Mfalme wa Mombasa aliwapelekea kondoo, na pamoja naye machungwa mengi, malimau na miwa. Mmoja wa Wareno hao, aliyekuwa akiandika habari za safari siku kwa siku, asema kwamba walipofika Mombasa wagonjwa wao wote walipona. Naye akatoa sababu: hewa ya mji huu ni njema.

Basi hewa ya Mombasa ilipata sifa isiyo yake. Mtu yeyote aliyewahi kulala Mji wa Kale mwezi wa Machi, upepo umekufa na shuka zimelowa jasho, ajua kwamba hewa hiyo haiponyi mtu. Yaliyowaponya ni machungwa. Wenyewe hawakutambua, na mwaka uliofuata wakalipa gharama ya kutotambua kwao. Walipovuka bahari kutoka Bara Hindi walikaa majini karibu miezi mitatu bila kugusa nchi. Watu thelathini wakafa kwa ugonjwa ule ule, na katika kila merikebu walibaki watu saba au wanane tu walioweza kufanya kazi. Walifika Malindi tarehe 7 Januari, 1499, wakaomba machungwa, wakapewa, lakini kwa wengine yalikuwa yamechelewa.

Ilipita miaka karibu 250 tangu siku zile za Mombasa hata daktari wa manowari ya Kiingereza, James Lind, alipowajaribu mabaharia kumi na wawili wagonjwa mwaka 1747, akaona kwamba wale wawili waliopewa machungwa na malimau ndio waliopona upesi. Serikali yake nayo haikufanya haraka. Ni mwaka 1795 ndipo maji ya malimau yalipowekwa katika posho ya mabaharia wote wa vita. Na kile kitu kilichomo ndani ya chungwa, ambacho leo kila mtoto wa shule hukiita vitamini C, hakikutengwa na wataalamu mpaka karne ya ishirini.

Msafiri wa leo hafi kwa ugonjwa wa ufizi. Hulala Mombasa, akafungua kinywa Dubai au London. Lakini kosa la yule mwandishi Mreno lingali hai mitaani. Mtu arudi kutoka safari akiharisha, aseme maji ya huko yamemkataa. Mwingine ashikwe na homa siku ya kumi baada ya kufika, aseme ni mabadiliko ya hali ya hewa, na wenziwe wakubali kwa kutikisa vichwa. Hewa hubebeshwa kila kitu, na chanzo chenyewe huachwa kiendelee na kazi yake.

Mwishoni mwa Aprili 2025, mvua za masika zikiwa zimeanza, aliingia Marikiti mzee mmoja wa Kibokoni, karani mstaafu wa bandari, aliyekuwa akijitayarisha kwenda Hija na mkewe. Alikuwa na karatasi iliyoandikwa kwa mwandiko mzuri wa makarani wa zamani, na kila alichonunua alikipiga mstari. Ndimu, iliki ya kahawa, tangawizi. Nyuma yake alifuata binti wa dada yake, ambaye ni muuguzi, akibeba kikapu. Katika duka la viungo mzee aliuliza bei ya habasoda, akataka kopo zima, kubwa.

"Kopo zima, Ami?" akauliza kijana wa duka. "Hiyo yatosha nyumba nzima mwaka mzima."

Mzee akajibu kwa sauti ya chini kwamba ataitumia Makka badala ya sindano zake. Alikuwa na ugonjwa wa sukari kwa miaka kumi na minne, na kwa miaka mitano ya mwisho alikuwa akijidunga insulini asubuhi na jioni. Aliogopa mambo mawili: kwamba sindano zikionekana katika mizigo atasumbuliwa na askari wa forodha, na kwamba mkubwa wa msafara akijua habari ya ugonjwa wake atamwacha nyuma. Fedha za safari alikuwa ameziweka akiba kidogo kidogo kwa muda wa miaka tisa. Mambo haya hakuwa amemwambia mtu, wala mkewe.

Binti yule akaweka kikapu chini. "Mjomba," akasema, "habasoda ile, sikukatazi, ina heshima yake. Lakini sindano huwezi kuiacha hata siku moja. Wataka kwenda Makka ukarudi, au wataka kwenda tu?"

Kijana wa duka naye, ingawa biashara ni biashara, alimwambia mzee kwamba habasoda aijua kwa mkate na kwa achari, na habari ya sukari ya mwilini aulizwe daktari. Akampimia robo.

Hofu ya mzee yule si ya peke yake. Wako wengi wafichao maradhi yao wakati wa safari, na wale wafichao huwa ndio wenye haja kubwa ya kusema. Ugonjwa wa sukari uliotulizwa kwa dawa haumzuii mtu kuhiji. Kinachotakiwa ni barua ya daktari yenye jina la ugonjwa, jina la dawa na kipimo chake, na dawa zenyewe ziwe katika visanduku vyake vya asili vyenye jina la mgonjwa. Askari wa forodha aonaye sindano kumi bila barua ana haki ya kuuliza. Aonaye barua, huangalia akaendelea na mwingine.

Insulini haifai kutiwa katika sanduku kubwa lipelekwalo tumboni mwa ndege, kwa maana huko baridi yaweza kuigandisha, na insulini iliyoganda imekwisha kuharibika hata ikiyeyuka tena. Tena masanduku hupotea. Ikae katika mfuko wa mkononi, na nusu yake apewe mwenzi wa safari, ili mfuko mmoja ukiibwa mtu asibaki mikono mitupu. Kwa joto la njiani yatosha chupa ya chai yenye mdomo mpana, iliyopozwa kwanza kwa maji baridi na kukaushwa. Barafu isiguse dawa. Nyumbani kwa mtu asiye na jokofu, mtungi wa udongo uliowekwa kivulini na kulowanishwa nje husaidia sana, na mitungi hiyo mabibi wa pwani wamekuwa wakiitumia kupozea maji tangu zamani. Kwa bahati saa za Makka na saa za Mombasa ni sawa, basi mwenye kujidunga habadili wakati wake. Aendaye Maskati au Dubai huzidisha saa moja, na aendaye Guangzhou kwa biashara huzidisha saa tano, naye yampasa apange na daktari wake kabla ya kuondoka.

Kisha kuna habari ya miguu. Sukari ikikaa mwilini miaka mingi huua hisia za nyayo, na mtu hukanyaga msumari asijue. Katika joto la Hija, kutembea miguu mitupu nje ya msikiti, juu ya lami na mawe yaliyochomwa na jua tangu asubuhi, huunguza nyayo, na kidonda cha namna hiyo kwa mgonjwa wa sukari chaweza kumgharimu mguu. Muuguzi yule alimpeleka mjomba wake kununua makubadhi ya ngozi laini, akamtaka ayavae kila siku mitaani kwa wiki mbili kabla ya safari, maana kiatu kipya ni adui. Mzee alilalamika kwamba yanapiga kelele barabarani. Aliyavaa hata hivyo.

Ama kwa joto lenyewe, lisichukuliwe kwa mzaha. Katika Hija ya Juni 2024 joto la Makka lilipita digrii 51, na Serikali ya Saudi Arabia ilitangaza kwamba watu 1,301 walikufa. Wengi mno kati yao, zaidi ya wanane katika kila kumi, walikuwa wamekwenda bila kibali, wakitembea mwendo mrefu juani bila mahali pa kujihifadhi. Mtu wa Mombasa hudhani kwamba yeye joto alijua. Joto la pwani ni la jasho. Mtu hujiona akilowa, akakumbuka kunywa maji. Katika ukavu wa Hijazi jasho hukauka kabla halijaonekana, na mtu hukauka pamoja nalo. Anywe kabla ya kiu, abebe mwavuli, na mambo yawezayo kufanywa usiku yafanywe usiku.

Mikutano mikubwa ya watu hubeba pia homa ya uti wa mgongo. Mwaka 1987 ilizuka miongoni mwa mahujaji, wakarudi nayo katika nchi nyingi; ikazuka tena mwaka 2000 na 2001 kwa aina nyingine ambayo chanjo ya zamani haikuizuia. Tangu hapo Saudi Arabia hudai chanjo yenye kuzuia aina nne, na ni lazima ichomwe si chini ya siku kumi kabla ya kufika. Siku kumi hizo hizo ndizo ziufanyao uthibitisho wa homa ya manjano kuwa halali. Aendaye kuchanjwa leo kwa sababu ndege ni kesho ametupa fedha zake.

Mzee wa Kibokoni alikuwa na kitabu chake cha kale cha chanjo, cha siku za ujana wake bandarini, chenye muhuri wa ndui. Ugonjwa huo sasa haupo duniani. Mtu wa mwisho kuupata kwa njia ya kawaida, Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali, aliugua mwezi wa Oktoba 1977 huko Merca, katika pwani ya Somalia, mahali ambapo majahazi yaliyoshuka na kaskazi kwenda Mombasa yalikuwa yakipita kila mwaka, naye akapona. Mwaka 1980 ilitangazwa rasmi kwamba ndui imekwisha. Karani wa kituo cha chanjo alikitazama kitabu kile kwa furaha kama atazamavyo mtu sarafu ya zamani, kisha akaandika kipya.

Homa ya manjano wengi huiona kama jambo la karatasi tu, hasa kwa kuwa mjini Mombasa haijulikani sana. Lakini katika nchi ya Kenya ilizuka Bonde la Kerio mwaka 1992, na tena Isiolo mwaka 2022, na kwa hiyo mataifa mengine humhesabu kila atokaye Kenya kuwa atoka nchi yenye ugonjwa huo. Mfanyabiashara afikaye Bara Hindi bila kadi yake aweza kuzuiliwa siku sita. Kadi hiyo tangu Julai 2016 hutumika maisha yote ya mwenyewe, hata kama imeandikwa miaka kumi. Mtu asikubali kutozwa fedha kwa sindano ya pili isiyohitajiwa.

Turudi Marikiti, kwa maana mizigo ya wasafiri hufungwa hapa. Mama amwekea mwanawe aliyeajiriwa Ghuba kila kitu kimkumbushacho nyumbani, na nusu ya vitu hivyo yaweza kumtia mashakani. Kungumanga, iwe nzima au iliyosagwa peke yake, Saudi Arabia huikataza. Mbegu ndogo za mmea wa afyuni, ambazo wapishi wengine huzitia katika mchuzi, ni kosa katika Falme za Kiarabu hata zikiwa chembe chache. Miraa, ambayo hapa huuzwa hadharani, imekatazwa Uingereza tangu 2014. Na vidonge vya maumivu vyenye kodeini au tramadoli, ambavyo mtu hupewa kwa jino au kwa mgongo, humfikisha mtu mahakamani katika nchi za Ghuba asipokuwa na kibali. Hapo twaona tena faida ya barua ya daktari.

Vijana waendao huko kufanya kazi za nyumbani au ulinzi, nao yawapasa wajue majina ya dawa wanazotumia, wawe na nakala ya vyeti vyao vya afya kwa ndugu aliye nyumbani, na namba ya ubalozi imeandikwa mahali pengine mbali na simu. Simu ndiyo kitu cha kwanza kupotea, au kuchukuliwa. Maziwa ya ngamia watakayokaribishwa, kwa ukarimu wa kweli, wayanywe yakiwa yamechemshwa. Ngamia hubeba ule ugonjwa wa mapafu uliotambuliwa Saudi Arabia mwaka 2012, na maziwa mabichi huleta homa nyinginezo za mifugo ambazo wafugaji wa kwetu wazijua.

Wako pia wasafiri wa upande wa pili, wale wajao. Kila mwaka watoto wa Mombasa waliolowea Uingereza, Marekani na Ghuba hurudi likizoni na wana wao, na siku ya pili huletwa Marikiti waone walikozaliwa wazee wao. Hawa ndio walio katika hatari kubwa, nao ndio wasioamini kabisa. Baba husema: mimi nimekulia Kibokoni, nimeumwa na mbu tangu utotoni, malaria itanifanya nini? Kinga ya malaria hukaa kwa mtu aumwaye mara kwa mara. Akikaa ng'ambo miaka michache hupungua, na wanawe waliozaliwa huko hawanayo hata kidogo. Mwaka 2023 Uingereza iliandika wagonjwa wa malaria zaidi ya 2,000, wote walioipata nje ya nchi hiyo, na sehemu kubwa ya wagonjwa wa namna hiyo huwa ni watu waliokwenda kuwatembelea jamaa katika Afrika.

Bintiye yule mzee, akaaye Leicester, alikuwa amepanga kuja na watoto wawili kumpokea baba yake atokapo Hija. Muuguzi alimpigia simu kutoka pale pale penye mafungu ya machungwa, akamweleza kwamba vidonge vya kinga huanzwa kabla ya safari na huendelezwa baada ya kurudi, aina nyingine siku saba na nyingine wiki nne, na wengi hukosea kwa kuviacha siku wafikapo nyumbani. Akamwambia pia kwamba mtoto akipata homa hata miezi mitatu baada ya kurudi, neno la kwanza kwa daktari liwe "Mombasa". Daktari wa Leicester aonapo homa mwezi wa baridi hufikiri mafua. Hawezi kusoma safari usoni mwa mtoto.

Mbu wa malaria huuma usiku. Mjini Mombasa kuna mwingine aumaye mchana, mwenye madoa meupe miguuni, azaliwaye katika maji safi ya mapipa na madebe ya nyumbani, naye ndiye aletaye dengi na chikungunya. Jina hili la pili lasikika la kigeni, lakini ni la kwetu. Ugonjwa ulitambuliwa mwaka 1952 katika nyanda za Wamakonde, kusini ya Tanganyika, na neno lenyewe ni la Kimakonde, lenye maana ya kitu kikunjacho, kwa jinsi mgonjwa anavyoinama kwa maumivu ya viungo. Mwaka 2004, wakati wa ukame, watu wa Lamu waliweka akiba ya maji majumbani, mbu wakazaana humo, na robo tatu ya watu wa mji walikadiriwa kuambukizwa. Mwisho wa mwaka huo ugonjwa ukaingia Mombasa. Mwaka 2005 ukawa Komoro. Kisha kisiwa cha Réunion, ambako zaidi ya theluthi ya watu waliugua. Mwaka 2006 Bara Hindi. Na mwaka 2007 msafiri mmoja akaufikisha kijijini nchini Italia. Ulirudi tena Mombasa mwishoni mwa 2017.

Hata sasa maji ni shida katika mitaa mingi ya Mombasa, ingawa bomba la kutoka chemchemi za Mzima lilifikishwa kisiwani miaka ya 1950, na wauza maji wasukumao mikokoteni yenye mitungi ya lita 20 ni watu wa lazima. Hapana wa kuwalaumu wenye nyumba kwa kuweka akiba. Pipa lenye kifuniko, au kitambaa kilichofungwa barabara mdomoni, na kusuguliwa ndani mara moja kila wiki, limekwisha kumshinda mbu huyo.

Mgeni aliyechoka na joto la soko huvutwa na vinywaji. Dafu lililokatwa mbele ya macho yake halina hatari, kwa kuwa Mungu mwenyewe amelifunga. Viazi karai vitokavyo mafutani vikichemka, na mahamri na mbaazi za moto, ale bila hofu. Maji ya miwa yenye ndimu na tangawizi ni matamu kweli, lakini yahitaji jicho: barafu imetoka wapi, na bilauri imeoshwa kwa maji gani? Tumbo likiharibika, awe Marikiti au awe ng'ambo, kitu cha kwanza ni kurudisha maji yaliyotoka. Duka la dawa huuza paketi za chumvi na sukari kwa kazi hiyo. Zisipopatikana, lita 1 ya maji yaliyochemshwa, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, hutosha kumshikilia mtu hata afike kwa daktari. Asikoroge kwa kukisia. Chumvi ikizidi humdhuru mtoto.

Usafi si jambo lililoletwa juzi na meli. Ibn Battuta, alipofika Mombasa mwaka 1331, aliwakuta watu wakila ndizi na samaki, na mlangoni pa kila msikiti aliona kisima kifupi chenye chombo cha mti cha kutekea maji, kila aingiaye akiosha miguu yake, na mkeka mzito wa kuipangusia. Mtu huyo alikuwa amekwisha kuiona miji mingi mikubwa, na bado aliona jambo hili lafaa kuandikwa.

Mzee wa Kibokoni alirudi katikati ya Juni, amekonda kidogo, na kikohozi cha mahujaji ambacho karibu kila mtu hurudi nacho. Mkubwa wa msafara, alipoambiwa habari ya sukari, hakumwacha nyuma; alimpanga chumba kimoja na kijana mwenye nguvu na akaamuru apewe chakula kwa saa yake. Askari wa forodha waliisoma barua ya daktari kwa muda usiofika dakika moja. Siku ya nne baada ya kurudi alionekana tena Marikiti pamoja na wajukuu wawili wa Leicester, waliopakwa dawa ya mbu miguuni hata wakang'aa. Alikuwa amevaa yale makubadhi, sasa yamekuwa laini kama ngozi ya mkono. Alinunua machungwa mafungu mawili, akamenya moja pale pale, akawagawia watoto, yeye mwenyewe akala vipande viwili tu na kuhesabu. Kijana wa duka la viungo akamwita kutoka ng'ambo ya njia kumwuliza habari ya habasoda. Mzee akajibu kwamba aliigawa yote Mina kwa Mwarabu mmoja aliyepanga naye, ambaye alisema haijui ladha yake, na kwamba mkewe sasa ataka nyingine kwa ajili ya mkate.